Mbwa bila kamba: bustani ya jiji ni ya nani saa kumi na mbili asubuhi?

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi kwenye kikao chetu cha sauti. Wengi mliniandikia kwamba stima zilipotea katikati, kwa hivyo nimeyaandika yote, na nimeongeza mawili matatu niliyosahau. Kanuni yetu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukiona jina kwenye maoni hapo chini, si mimi niliyeliweka.

Hamjambo wadau. Wiki mbili zilizopita tuliongea ushuru, tukakosana vizuri sana. Leo tunaongea mbwa. Najua kuna mtu hapo ameshacheka. Cheka tu, lakini usiondoke, kwa sababu sijaona mada ndogo kama hii inayobeba mambo makubwa mengi kiasi hiki.

Mwezi jana jirani zangu wa nyumba sita walikutana kwa mwalimu mmoja mstaafu, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba Jiji la Nakuru linafaa kuwapa saa mbili kila asubuhi kwenye bustani ya umma ili mbwa wao wakimbie bila kamba. Walitaja Nyayo Gardens. Halafu mwalimu akanipigia simu. “Kijana, wewe si unasoma siasa? Basi tuandikie barua.”

Mimi sina mbwa. Lakini mwalimu ni mtu wa kuheshimiwa, na hoja yake ilikuwa na uzito. Mbwa wake ni mkubwa, anashinda kwenye ua wenye upana wa kuegesha magari mawili, nje kuna kibao cha “Mbwa Kali”. (Ndiyo, najua ni mbwa mkali. Mwalimu alifundisha Kiswahili miaka thelathini na bado aliandika “Mbwa Kali”. Nilimuuliza. Akasema mwizi hasomi sarufi.) Mbwa aliyefungiwa hivyo anabweka usiku kucha, majirani hawalali, na akitoka mara moja kwa bahati mbaya anakuwa hatari kuliko yule aliyezoea watu. Mwalimu anasema mbwa anayekimbia kila siku ni mbwa mtulivu. Wanaofuga watakwambia hivyo hivyo.

Nikaanza kuandika. Jioni nikashuka langoni kununua sukuma wiki, nikamweleza mama anayetuuzia mboga kile ninachoandika. Akaacha kukata. Akaniuliza, “Wakipewa hiyo saa, watoto watapitia wapi?”

Nilikuwa nimesahau. Kijana wake aliumwa na mbwa mguuni miaka miwili iliyopita, akitoka shule. Mbwa hakujulikana ni wa nani. Mama alizunguka na mtoto vituo viwili vya afya, kimoja hakikuwa na chanjo siku hiyo, cha pili wakamwandikia akanunue kwa duka la dawa. Akakopa. Na chanjo hiyo si sindano moja; ni ya kurudia kwa siku zilizopangwa, ya kwanza siku ile ile, ya pili siku ya tatu, ya saba, na kuendelea. Kila safari ni nauli ya matatu na siku ya biashara imepotea. Mtoto alipona, yuko sawa, anacheza mpira. Lakini mpaka leo akiona mbwa anavuka barabara bila kuangalia magari.

Basi hapo ndipo nilipo mimi: mkono huu barua ya mwalimu, mkono huu swali la mama mboga. Na wote wawili ni jirani zangu.

Kwanza tuondoe swali ambalo watu hulirukia: hii ni kazi ya nani? Kwenye mijadala yetu mtu akiwa na shida ya bustani anamlaumu rais, akiwa na shida ya pasipoti anamlaumu mwakilishi wadi. Katiba ya 2010 iko wazi kwa hili, na nawaomba mkasome Ratiba ya Nne, Sehemu ya Pili. Hapo ndipo kazi za kaunti zimeorodheshwa. Kati ya hospitali, masoko, barabara za kaunti na shule za chekechea, utakuta bustani za kaunti na mahali pa burudani. Shuka kidogo utakuta udhibiti na ustawi wa wanyama, na imeandikwa kabisa: utoaji wa leseni za mbwa. Mbwa wametajwa kwenye Katiba ya Kenya! Nilipomwonyesha mwalimu alitaka nimpe nakala aiweke kwa fremu.

Kwa hivyo bustani ni ya kaunti, leseni ya mbwa ni ya kaunti. Na tangu Nakuru ipate hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, kuna bodi ya jiji chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inayosimamia huduma za jiji. Mtu akisimama jukwaani akakuambia atapeleka suala lako la bustani bungeni Nairobi, jua aidha hajui kazi yake, au anajua wewe hujui.

Na haki ya kuomba unayo. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka za umma, pamoja na ile ya kukusanyika na kuandamana kwa amani. Wengi wetu tunakijua kifungu hiki kwa maandamano peke yake. Nusu ile nyingine ni kalamu na karatasi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inasema mwananchi anaweza kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, au kwa serikali ya kaunti yenyewe, kuhusu jambo lolote lililo chini yao. Mbwa wakiwemo.

Sasa tuingie kwenye siasa yenyewe.

Kuna mwanauchumi wa Marekani, Mancur Olson, aliyeandika mwaka 1965 kuhusu kwa nini makundi madogo huyashinda makundi makubwa. Hoja yake, kwa lugha ya mtaani: watu sita wenye jambo moja linalowauma kila asubuhi watakutana, watachanga, watapata mtu wa kuwaandikia barua. Watu elfu kumi ambao jambo hilo litawagusa kidogo kidogo hawatakutana hata siku moja. Hakuna atakayefunga kibanda chake kwenda kutetea nyasi. Kwa hivyo siku ya kikao cha ushirikishwaji wa umma, ukumbini kuna wale sita, maafisa wawili, na chupa za maji. Kikao kimeitwa Jumanne saa nne asubuhi. Nani yuko huru Jumanne saa nne? Mstaafu. Mwenye biashara inayojiendesha. Na sisi wanafunzi tukikwepa darasa.

Halafu ripoti inaandikwa: “Umma ulishirikishwa na ukaunga mkono.”

Sisemi wale sita ni wabaya. Walifanya kile ambacho kila mwananchi anafaa kufanya, na wengine wangefanya vivyo hivyo tungekuwa na nchi tofauti. Ninachosema ni kwamba ukisikia “wananchi wanataka”, uliza ni wananchi gani, walikutana saa ngapi, na nani alikuwa sokoni wakati huo. Mama mboga saa kumi na moja alfajiri yuko Wakulima Market anachagua nyanya. Saa nne anauza. Hatakaa aonekane kwenye kikao chochote cha Jumanne, na swali lake lilikuwa ndilo swali zuri kuliko yote niliyosikia.

Nilipoweka jambo hili hapa kwenye ukurasa kwa mara ya kwanza, majibu yalikuja kwa mafungu, na ningependa tuyaangalie kwa sababu mtayakuta kwenye kila mjadala wa siasa mpaka mzeeke.

Fungu la kwanza: “Watu hawana maji, nyinyi mnaongea mbwa.” Jibu hili linapendwa sana. Linasikika kama la huruma, na mara nyingi anayelitoa hana nia ya kuleta maji pia. Bodi ya jiji haisimamishi kuchimba kisima ili iandike kanuni ya bustani. Kuandika saa kwenye kibao ni rangi na mbao. Hata hivyo siwezi kulitupa lote. Likija swali la bajeti, yaani uzio, mlinzi, mapipa ya kinyesi, basi pesa hizo zinatoka kwenye mfuko ule ule, na hapo mtu wa Rhonda au Kaptembwa ana haki kamili ya kuuliza kwa nini yeye ndiye anasubiri. Kwa hivyo ukiletewa hoja hii, uliza: ni muda tunagombania au ni pesa? Kama ni muda, endelea. Kama ni pesa, kaa chini mhesabu.

Fungu la pili: “Haya ni mambo ya wazungu.” Hapa lazima nikae kidogo.

Historia iko. Nakuru ilipangwa na wakoloni kwa rangi. Milimani, kule juu kwenye upepo mzuri, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika waliwekwa Bondeni na mitaa ya nyumba za manispaa iliyofuata. Hii Bonde la Ufa ya kati ilikuwa ndani ya zile Nyanda za Juu za walowezi, na kwa babu zetu wengi mbwa wa mlowezi hakuwa kipenzi. Alikuwa mlinzi wa mpaka. Hofu ya Mwafrika kwa mbwa mkubwa nyuma ya lango la Milimani haikutoka hewani. Ilirithiwa. Mtu akikuambia hapendi kuona mbwa wa mtu mwenye pesa anakimbia huru mahali ambapo yeye anafukuzwa na kanjo kwa kuuza njugu, usimwambie hajaendelea. Anakumbuka kitu.

Lakini wazo lenyewe la kugawana eneo kwa zamu, hilo si la wazungu hata kidogo. Nenda kwa Wamaasai hapo chini Narok na Kajiado. Kuna olopololi, sehemu ya malisho karibu na boma inayotengewa ndama na mifugo wagonjwa. Ng'ombe wakubwa hawaingii. Hakuna kibao, hakuna kanjo, na kila mtoto wa boma anajua. Visima vya wafugaji wa kaskazini vina zamu za kunywesha, huyu siku hii, yule siku ile, na ukiruka zamu wazee wanakuita. Nakuru ni jiji lililozungukwa na watu waliogawana maji na nyasi kwa saa na kwa msimu tangu zamani, halafu tukiambiwa bustani iwe na zamu tunasema ni mtindo wa ng'ambo. Hapana bwana.

Fungu la tatu ni la hatari zaidi: “Kwa hivyo mbwa ni muhimu kuliko mtoto?” Hakuna aliyesema hivyo. Lakini ukishaiweka hivyo, mwenzako hana pa kusimama. Mwanasiasa yeyote mjanja anapenda swali la aina hii kwa sababu linamaliza mjadala kabla haujaanza, na yeye anaondoka shujaa bila kufanya lolote. Njia ya kutoka ni kuuliza: ni nini hasa kinachomuumiza mtoto?

Na hapo ndipo tunafika kwenye kichaa cha mbwa.

Nawaomba hapa msikilize kama watu, wacha siasa kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu takriban 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu yanatoka kwa mbwa. Takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, unazuilika kabisa. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote. Usiweke pilipili, usiweke mafuta, usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Sasa, namna ya kuumaliza inajulikana. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na ukirudia, ugonjwa unakosa pa kupita. Kenya ina mkakati wa kitaifa uliozinduliwa 2014, lengo likiwa kumaliza vifo vya binadamu vinavyoletwa na mbwa ifikapo 2030. Tuko karibu na tarehe hiyo. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, na siku hizo huwa kunafanywa kampeni za chanjo. Ukisikia tangazo, peleka mbwa wako, na wa jirani.

Na hiki ndicho kilichonibadilisha mawazo kuhusu barua ya mwalimu. Tunaongea kana kwamba Nakuru leo haina mbwa bila kamba, kwamba jirani zangu wanataka kuleta kitu kipya. Tembea saa mbili usiku kutoka stendi ya matatu kuelekea Bondeni. Tembea karibu na jaa la Gioto. Mbwa bila kamba wako, saa ishirini na nne, na hawana kibao. Tunawaita mbwa koko tukidhani hawana wenyewe. Watafiti wa ugonjwa huu katika nchi nyingi za Afrika wanasema tofauti: wengi wa mbwa wanaozurura wana nyumba. Wanafunguliwa asubuhi wajitafutie, usiku wanarudi kulinda. Mwenyewe anawajua kwa jina. Akiuma mtoto wa mtu, ghafla hawajui.

Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, ipo tangu ukoloni na inazipa mamlaka nguvu ya kuwadhibiti mbwa wanaozurura penye ugonjwa. Mtaani tafsiri yake kwa miaka mingi imekuwa moja: sumu. Mbwa wanakufa, barabara inatulia miezi kadhaa, wengine wanakuja kujaza nafasi, na hao wapya hawajachanjwa. Sasa linganisheni. Mbwa wa nyumba sita anaombewa saa za kukimbia. Mbwa wa mtaa wa chini anawekewa sumu. Wote wawili ni mbwa wa walipa kodi. Nilipomwambia mwalimu hivyo alinyamaza muda mrefu, nikaogopa nimemkosea heshima.

Kuna mifano. New York, kwa takriban miaka 20, idara ya bustani iliwaacha watu wafungue mbwa wao usiku na asubuhi mapema kwenye bustani fulani, ingawa sheria ya afya ya jiji ilisema mbwa awe kwenye kamba. Mazoea tu, hakuna maandishi. Mwaka 2006 wakazi wa eneo moja la Queens wakaenda mahakamani kuipinga. Walishindwa, lakini kesi ililazimisha jiji kuandika kilichokuwa kinafanyika gizani, na 2007 kikawa kanuni: baada ya saa tatu usiku hadi bustani ifungwe, na kuanzia inapofunguliwa hadi saa tatu asubuhi, katika maeneo yaliyotajwa tu. Na mwenye mbwa awe na uthibitisho wa leseni na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwangu mimi walioshinda pale ni wale walioshindwa. Bila kesi yao kusingekuwa na kibao cha kusoma.

Huku nyumbani, mfano wa karibu ni msitu wa Karura, Nairobi. Mbwa wanaingia, lakini kwenye kamba. Usisahau kwamba Karura ina zaidi ya hekta 1000, ina uzio wa umeme, ina malipo ya kuingia, na ina chama cha wakazi kinachoshirikiana na shirika la misitu. Usisahau pia kwamba miaka ya 1998 na 1999 watu walipigwa wakiutetea msitu huo usigawanywe kwa wajenzi. Mama aliyewaongoza baadaye aliingia bungeni, kwa hivyo kwa kanuni yetu simtaji, na nyote mnamjua. Ninachotaka mwone ni hiki: leo watu wanaweza kubishana kuhusu kamba ya mbwa pale Karura kwa sababu kuna watu walizuia isiwe nyumba za kifahari. Ubishi wa saa ni anasa ya mji ambao bado una bustani. Nakuru, iliyohesabiwa watu 570,674 kwenye sensa ya 2019, bustani zake za umma unaweza kuzihesabu kwa vidole na ukabaki na vidole.

Ndiyo maana siungi mkono Nyayo Gardens. Hapo nilitofautiana na mwalimu waziwazi. Nyayo Gardens iko katikati ya mji. Ni mahali ambapo mtu aliyetoka Molo au Subukia kutafuta kazi anakaa akisubiri simu. Wapenzi wasio na pesa ya kahawa, wapiga picha, mhubiri. Wengi wao hawana ua nyumbani, hawana hata veranda. Na kuna Waislamu wa Bondeni na wa maduka ya mjini, ambao mate ya mbwa kwenye kanzu yanamlazimu mtu kuosha kwa utaratibu maalumu, mara saba, mojawapo kwa udongo, kabla ya kuswali. Mbwa mwenye furaha haulizi dini yako kabla ya kukurukia. Kumwambia mtu huyo “avumilie tu” ni kumwambia bustani si yake.

Mtu kwenye kikao aliuliza, kwa nini wasiende Hifadhi ya Ziwa Nakuru, si ni kubwa na ina uzio? Hapana, na si kwa roho mbaya. Mbwa wa nyumbani hubeba magonjwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaohusishwa na mbwa wa vijiji uliingia Serengeti ukaua simba wapatao 1000, karibu theluthi moja ya simba wote wa pale. Hifadhi yetu ina simba ndani, na jiji limeigusa ukutani. Tena hiyo ni mali ya serikali ya kitaifa, kaunti haina la kusema. Msitu wa Menengai vilevile uko chini ya shirika la misitu, ofisi nyingine, barua nyingine.

Basi nikaandika nini? Niliandika barua ambayo mwalimu hakuipenda mwanzoni. Inaomba kaunti itafute kipande cha ardhi ya umma kisicho katikati ya mji, kiwekwe uzio, saa zitajwe kwenye kibao kwa Kiswahili. Majaribio ya miezi sita, kisha yafe yenyewe mpaka yaidhinishwe tena. Hili ni muhimu, maana kwetu kitu cha muda kikishaanza hakina kaburi. Kila mbwa awe na leseni na cheti cha chanjo cha mwaka huo. Na ada ya leseni ya mbwa wa nyumba hizi iende kwenye chanjo ya bure ya mbwa wa mitaa isiyo na lango. Nimeongeza pia kwamba wenye mbwa wenyewe waunde kamati ya kuonyana: kosa la kwanza onyo, la pili wiki mbili nje, la tatu unaondoka. Hilo nililiiba kwa Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009 kwa kuonyesha kwamba watu wanaotumia kitu kwa pamoja wanaweza kukitunza bila kukibinafsisha na bila askari, mradi wajiwekee sheria, wajichunge, na adhabu ianze ndogo.

Nikampelekea mama mboga nakala kabla ya mwalimu. Aliisoma yote, akalamba kidole akafungua ukurasa wa pili. Akaniambia, “Saa kumi na mbili hadi saa mbili ndio watoto wanaenda shule.”

Yaani hiyo ndiyo saa. Saa ambayo mwenye mbwa anaona mji ni mtupu kabla ya kazi ndiyo saa ambayo barabara zimejaa watoto wa sare wakitembea peke yao. Nyumba sita, mimi na vitabu vyangu, hakuna aliyeiona. Tumebadilisha: Jumamosi na Jumapili, na siku za wiki jioni baada ya saa kumi na mbili, mwanga ukiruhusu.

Kuhusu sahihi, nyumba mbili zimejitoa. Moja ilisema haiwezi kulipia mbwa wa watu wengine. Ya pili haikusema sababu, lakini mwalimu ananiambia mbwa wao hajawahi kuchanjwa. Tumebaki nne, na mama mboga akawa wa tano. Alitia sahihi kwa sharti kwamba kile kifungu cha chanjo ya mitaa ya chini kisogezwe kiwe cha kwanza kwenye barua, na tumekisogeza.

Maswali niliyoulizwa kwenye kikao yalikuwa mengi, nitajibu mengine hapo chini. Moja nijibu sasa, kwa aliyeuliza nani atakuwa akifunga lango la hicho kipande jioni. Nilimpigia mwalimu kumuuliza. Alisema ufunguo akae nao yeye. Nikamwambia hilo ndilo hasa watu wanaloogopa. Tunaendelea kubishana.